Robhi Alionja Kwanza

Mugesi, binti yake Robhi, alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharage uani kwangu Nyamwaga. "Shikamoo mama mkubwa," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia akaniambia kwamba mama yake amefariki, kwamba mazishi ni Alhamisi nyumbani kwake Turwa, na kwamba siku zake za mwisho alikuwa akitaja jina langu. Nikamuuliza alikuwa akilitaja kwa lipi. Akasema, "Alisema uje tu." Nilimaliza maharage yangu. Sikulia, na ningependa hilo lijulikane mapema, kwa sababu wanaoandika habari za marafiki zao marehemu hupenda kulia kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi na Robhi tuliishi pamoja mwaka mmoja tu. Tulilala kitanda kimoja na kula sahani moja, na tangu mwaka ule uishe sikuwahi kutia mdomoni kitu chochote alichonipa yeye. Alhamisi ile nilikwenda. Yaliyotokea huko nitayasema, lakini sina budi kuanza na mwaka wenyewe.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Kila kijiji kilitakiwa kupeleka msichana mmoja Tarime mjini kwenye mafunzo ya akina mama: kushona, mapishi, malezi ya watoto, na siasa kila Jumatano mchana, saa ambayo usingizi ni mtamu kuliko yote. Kijiji chetu kilinipeleka mimi kwa sababu nilikuwa sijaolewa na nilikuwa mkaidi. Nadhani wazee walitaka kupumzika. Nilipangiwa chumba kimoja Turwa na msichana wa Kenyamonta aitwaye Robhi, katika nyumba ya mjane mmoja aliyefuga kuku ndani kuliko nje. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati la Robhi, misumari mitatu ya kutundikia nguo, na dirisha la ubao lililofungukia migomba ya jirani. Mvua ikinyesha tulisogeza kitanda katikati. Jioni tulipika ugali wa ulezi na majani ya kunde, tukakaa sakafuni mgongo kwa mgongo kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuegemea, na Robhi akazungumza. Alikuwa amekulia miaka kadhaa kwa mjomba wake Musoma, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha redio. Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Kiswahili nilikisikia kwenye mikutano, nikakielewa vizuri kuliko watu walivyodhani, ila kila nilipotaka kukisema, maneno ya Kikurya yalinitangulia mdomoni.

Kwa hiyo Robhi alinisemea. Dukani, zahanati, kwa mwalimu wa kushona, kokote tulikokwenda alitangulia nusu hatua na kusema, "Ghati anasema hivi, Ghati anataka kile." Alinisemea vizuri. Mara nyingine alisema kilichokuwa moyoni mwangu kwa namna nzuri kuliko nilivyokifikiri mwenyewe, nami nikajihisi nimeheshimiwa. Leo mtu akinisemea neno moja tu mbele ya watu nageuka mbogo, na wanangu wananicheka kwamba mama hataki hata kuombewa chumvi mezani. Hawajui nilikojifunzia. Ukimwachia mtu mdomo wako mwaka mzima, unaanza kumwona kama sehemu ya mwili wako, na sehemu ya mwili mtu haiwekei mlinzi.

Kitu nilichokijua mimi ni udongo. Kwetu wanawake ndio hukandika nyumba, na mimi tangu mdogo sikuridhika na kukandika kutupu. Nilichimba udongo mwekundu kilimani, nikatoa mweupe kando ya mto, nikachanganya masizi ya chungu na maji ya majivu kupata weusi, nikachora kwa vidole na kijiti kilichotafunwa ncha. Mvua za masika mwaka ule zilipotufungia ndani, nilichora ukuta wa chumba chetu: kuku wa mjane, mjane mwenyewe akiwafukuza, na ndugu yake mlevi akifukuzwa pamoja nao. Mjane aliingia na ufagio mkononi kututimua. Akasimama. Akamtazama yule mlevi ukutani, akaanza kucheka mpaka akakaa kitandani, na wiki ile nzima alileta majirani kututembelea bila hodi. Habari zikamfikia Bibi Maendeleo wa wilaya, mama mnene mpole aliyetembea na daftari kwapani. Alikuja, akatazama, akatuambia kwamba Sabasaba kutakuwa na maonyesho Mwanza, sanaa na mapishi ya mikoa ya ziwa, na kwamba kijana mmoja atakayechora vizuri kuliko wote atapelekwa Dar es Salaam kusomea uchoraji miaka miwili, kwa gharama za serikali. Alipokuwa akisema hayo alinitazama mimi. Siwezi kueleza nilivyoitaka nafasi ile. Sikuwa najua kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu hukaa miaka miwili akichora na haambiwi aende akapalilie.

Fundi seremala alinipa kipande cha plaiwudi, nikachora siku tuliyohama. Nyumba yetu ya zamani, watu wawili juu wakitoa nyasi za paa, wengine chini wakipokea nguzo, kwa sababu nguzo nzuri huachi, unakwenda nazo uendako. Mlangoni ng'ombe amelala. Ng'ombe huyo alikuwa wa kweli: alivutwa, akapigwa, akasukumwa, akakataa kunyanyuka mpaka jua lilipokuwa likizama. Robhi alikaa nami siku zote nilizochora. Alinimiminia maji, akanikorogea udongo, akanipigia hadithi. Siku ya mwisho aliuliza, "Mbona watu wako hawana nyuso?" Nikamwambia, "Siku ile hakuna aliyetaka kuonekana." Akaitazama tena picha, akasema kwa sauti ndogo, "Kwetu paa walilichoma." Alijua, ndicho ninachotaka kusema. Hakuna mtu aliyeijua picha ile kumzidi Robhi.

Tuliondoka Ijumaa, mimi, Robhi na Bibi Maendeleo, picha ikiwa imefungwa kwenye kanga mbili na kulala mapajani mwetu kama mgonjwa. Kirumi tulisubiri pantoni ya kutuvusha mto mpaka miguu ikavimba. Mwanza tulifika tumejaa vumbi mpaka kope, tukapewa vitanda katika bweni la shule iliyokuwa imefungwa, na kesho yake asubuhi tukapelekwa penye maonyesho: jumba la zamani la serikali juu ya mawe, ziwa likionekana chini, na bustani kulizunguka pande zote. Ile bustani ilinishangaza kuliko ziwa. Kulikuwa na mzee mwenye mpira wa maji akiyanywesha maua, na maua mengine yalikuwa yamekatwa yakawa na umbo la kikapu. Niliizunguka yote nikitafuta hata shina moja la mchicha. Nikamuuliza Robhi kwa Kikurya wenye nyumba hii wanakula nini. Akaangua kicheko, akamtafsiria yule mzee, naye akacheka mpaka akamwagia maji viatu vya Bibi Maendeleo. Tulikuwa na furaha asubuhi ile. Nataka kuwa mkweli hata mahali ambapo ukweli unaniuma: tulikuwa na furaha sana.

Kisha Bibi Maendeleo akaja haraka na daftari lake. Upande wa mapishi wilaya yetu ilikuwa pungufu ya mtu mmoja, na majaji wa picha wangepita mchana. "Ghati, nenda jikoni. Robhi atasimama kwenye picha yako. Wewe wakikuuliza maswali utakwama." Robhi akanishika bega. "Nitawaambia yote," akasema. Nikaenda. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi nilijiona nipo, kwa kuwa Robhi alikuwepo. Jikoni nilikuta wanawake wa kila wilaya wakigombea mafiga. Nilitaka kuwapikia kichuri, ule mchuzi wetu mchungu wa nyama unaotiwa maji ya tumboni mwa ng'ombe, Bibi Maendeleo akanikataza: "Unataka tufukuzwe?" Nikasonga ugali wa ulezi. Kupitia dirisha niliona mgongo wa Robhi na majaji watatu mbele yake. Sikusikia kitu kwa kelele za sufuria. Nilimwona akinyoosha mkono kuelekea paa, kisha kwa wale watu, kisha akamgusa ng'ombe, na majaji wote wakatabasamu. Nikashangaa kidogo kwamba wametabasamu kwenye ng'ombe. Nikamwambia mwanamke niliyekuwa namenya naye vitunguu, "Yule rafiki yangu. Anasema mambo yangu." Mwanamke akasema, "Una bahati."

Jumapili walitualika wote chakula cha mchana bustanini. Kulikuwa na meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, sato waliokaangwa wazima na macho yao, wali wa nazi, mapapai yaliyokatwa nyota nyota, na ugali wangu umewekwa pembeni kwenye sahani ndogo kama dawa. Nilikula sato wawili. Halafu wakaja wahudumu na chupa za divai nyekundu ya Dodoma, na Afisa Utamaduni, mwenyeji wetu, mtu mrefu mwenye suti ya Kaunda, akapita mwenyewe akitumiminia, akisema hii ni zabibu ya wakulima wetu. Akanijazia glasi. Mimi nikaishika, nikamtazama. Wenzangu wakanywa, mimi nikaendelea kumtazama. Kwetu mwenye kinywaji ndiye hunywa wa kwanza mbele ya mgeni wake. Akionja, amesema kwamba hapa hakuna sumu, wala moyoni mwangu hakuna neno juu yako. Asipoonja, mgeni hanywi hata akiwa na kiu ya siku tatu. Si jambo tulilolifanyia mzaha, na watu wamewahi kuvunja ndoa kwa ajili yake. Yule bwana akaona sinywi. "Ndugu, wewe Msabato?" akauliza. Robhi akamweleza, "Anasubiri wewe uonje kwanza." Meza nzima ikacheka. Afisa naye akacheka, akajipapasa tumbo: "Dada yangu, mimi nina vidonda vya tumbo, nikionja mnanizika Mwanza." Nikabaki na glasi mkononi, masikio yanawaka kwa aibu. Hapo Robhi akaichukua glasi yangu. Alinitazama machoni, akanywa mikupuo miwili mizima, akafuta ukingo kwa kidole gumba kama afanyavyo mama mwenye nyumba, akanirudishia. "Haya," akasema kwa Kikurya, "nimeonja mimi. Kunywa." Nikanywa. Ilikuwa kali na tamu kidogo, mfano wa zambarau zilizolala siku mbili. Nikamuuliza majaji walisemaje jana. "Wameipenda," akasema, na akageuka kuangalia ziwa.

Jumatatu ndiyo Sabasaba. Baada ya hotuba na ngoma, jaji mkuu alisimama mbele ya picha yangu na karatasi. Akasema ameona picha nyingi, lakini hii imemfundisha. Akasema, "Ndugu Robhi wa Kenyamonta alitueleza juzi jinsi alivyochora wanakijiji wakimwezekea mwenzao nyumba mpya. Hawana nyuso, akatuambia, kwa sababu katika ujamaa kazi ni ya wote. Na ng'ombe wa kijiji amelala mlangoni kwa amani." Nilielewa kila neno. Ningependa kusema kwamba sikuelewa. Nikasimama, nikasema kwa nguvu zangu zote, "Hiyo yangu. Mimi. Nyumba yangu." Na Kiswahili kikaishia hapo. Watu wakageuka, wakaniona msichana anayelia kwa furaha ya mwenzake, na mama mmoja akaanza kunipigia makofi, wengine wakamfuata. Nilipigiwa makofi, Mungu wangu, na Robhi akipanda jukwaani. Bibi Maendeleo akanivuta gauni. "Kaa chini. Ushindi ni wa wilaya. Nani amekuambia una kitu chako peke yako?"

Mchana nilirudi bwenini kufunga mzigo, nikawasikia wakizungumza kabla sijasukuma mlango. "Umefanya vizuri," Bibi Maendeleo alikuwa akisema. "Angesimama yeye akawaambia paa linabomolewa, kesho mimi ningekuwa nyumbani sina kazi. Na yeye sijui angekuwa wapi." Robhi akasema, "Lakini hiyo nafasi ya Dar ni ya Ghati." Nilisimama pale nje nikimpenda tena, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. "Nafasi watampa nani?" Bibi Maendeleo akajibu. "Mtu asiyeweza kujibu swali? Utakwenda wewe, au ataenda mtu wa Bukoba." Nilisikia kuku nje, nilisikia mtu akifagia varanda ya pili. Kisha Robhi akasema, "Sawa." Nimesikia maneno makali maishani mwangu, nimetukanwa na wakwe, nimesomewa hukumu barazani, lakini ile "sawa" ndiyo ninayoisikia mpaka leo nikiwa peke yangu.

Niliingia. Bibi Maendeleo akakumbuka ana kazi mahali. Robhi akaanza kulia, akasema aliogopa, majaji walipouliza paa linafanywaje ulimi wake ulijibu wenyewe, akasema aliniokoa. Labda ni kweli. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na niko tayari kumpa nusu hiyo: huenda ule uongo wa paa uliniokoa. Lakini kusema "nimechora mimi" kulimwokoa nani? Sikumuuliza hilo siku ile. Nilimwambia jambo moja tu. "Jana ulikuwa umekwisha kusema yote hayo. Na bado ukaonja kwanza." Akafuta machozi, akanitazama kama mtu anayeeleza jambo jepesi kwa mtoto. "Ghati, ile ni divai tu," akasema. "Si pombe ya nyumbani." Basi. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimejifunza kwamba mila inaishia pantoni ya Kirumi.

Robhi alikwenda Dar es Salaam. Mimi nilimaliza mafunzo, nikarudi kushona sare za shule, nikaolewa, nikazaa. Alikuja mara mbili kunitafuta Nyamwaga akiwa na zawadi. Nilimkaribisha, nikampikia, na zawadi nikazipa majirani. Yeye alichora, akafundisha, akajenga. Mimi sikuchora tena ukuta wowote. Nyumba yangu nimeipaka chokaa nyeupe, ndani na nje, na wageni husema ni safi sana. Nilikuwa na hasira, na hasira ile nimeitunza vizuri, naikiri hapa bila aibu. Lakini ilipofika Alhamisi ya mazishi nilikuwa nimechoka nayo. Nilipanda gari kuelekea Turwa nikijiambia, mzee wewe, leo mwachie.

Mugesi alinipokea mlangoni, akanikalisha sebuleni kwenye kochi la mbele pamoja na wazee. Ni mwanamke mzima, mwenye macho ya mama yake. Akaenda jikoni, akarudi na kikombe kikubwa cha togwa. Mbele yangu akapiga goti moja, akanywa mikupuo miwili, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akaninyooshea. "Mama aliniagiza," akasema. "Ukija, nikupe togwa, na nionje kwanza huku unaniona." Wazee chumbani walijua maana yake. Machozi ambayo sikuyatoa kwenye simu yakanijaa. Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amekumbuka, basi. Miaka yote hiyo alikuwa amekumbuka. Nilikuwa nakipeleka mdomoni wakati Mugesi aliposimama, akawageukia wageni kunitambulisha kwa heshima zote. "Huyu ndiye mama mkubwa Ghati," akasema. "Ndiye aliyekuwa akimkorogea mama udongo, wakati mama anachora picha yake ya kwanza." Akanyoosha mkono ukutani nyuma yangu. Nikageuka. Ilikuwa pale kwenye fremu, picha ya kamera ya plaiwudi yangu: paa, watu wasio na nyuso, ng'ombe.

Mtoto alikuwa ameonja kwa moyo safi. Aliyemtuma alijua anachokituma. Nilikiweka kikombe mezani kikiwa kimejaa, polepole, wote wakiona, na nikasikia mzee mmoja akivuta pumzi. Mugesi akageuka. "Mama mkubwa, hunywi? Nimeonja." Nikamwambia avute kiti akae karibu nami, kwa sababu sasa Kiswahili ninacho cha kutosha. "Mwanangu," nikasema, "hao watu juu ya nyumba hawaezeki." Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande kama mama yake. "Wanafanya nini, basi?" akauliza. Nikamweleza, mwanzo mpaka mwisho, wala sikupunguza. Jeneza lilipotolewa nje, togwa ilikuwa bado pale mezani.